Sadoli ya gita imevunjika au imepotea? Chonga nyingine kwa mfupa wa ng'ombe

Je, gita la kwaya yenu limewekwa kwenye kona kwa sababu nyuzi zinakwaruza, zimelala juu ya shingo, au ziko juu mno hata vidole vya wanaojifunza vinauma? Kabla ya kusema gita limekufa, angalia kipande kimoja kidogo, cheupe na chembamba, kilichochomekwa juu ya daraja. Huenda kimevunjika, kimelika, au hakipo kabisa.

Magita mengi yaliyo hapa Nakivale yamesafiri mbali, juu ya lori, chini ya magunia au mgongoni mwa mtu. Nyuzi zikilegezwa njiani, kipande hicho huchomoka chenyewe na hakuna anayekiona kikianguka. Baadaye mtu huweka kijiti, msumari au kipande cha kalamu mahali pake. Gita hulia, lakini vibaya, na baada ya miezi kadhaa mbao ya daraja hupasuka. Hapo ndipo gita linapokufa kweli.

Makala haya yanakueleza jinsi ya kutengeneza kipande kipya na kukifunga mwenyewe. Kifaa kikuu unachohitaji ni mfupa wa ng'ombe, na katika wilaya hii ya wafugaji mfupa haukosekani. Kazi yenyewe haihitaji nguvu. Inahitaji kupima na kuwa na subira.

Kipande hiki kinafanya nini?

Mafundi wa magita hukiita sadoli. Nyuzi zote sita hupita juu yake kabla ya kushuka kwenye pini au kwenye matundu ya daraja. Kina kazi tatu:

- Kupeleka mtetemo wa nyuzi kwenye mbao ya tumbo la gita. Sadoli ikiwa laini au ikicheza, sauti hupungua.
- Kuweka urefu wa nyuzi juu ya shingo. Ikiwa ndefu mno, nyuzi huwa ngumu kubonyeza. Ikiwa fupi mno, nyuzi hugonga vile vyuma vinavyokata shingo, yaani fireti.
- Kuweka mahali ambapo uzi unaanza kutetema. Kikisogea au kikilala upande, gita haliwezi kukubaliana na sauti za waimbaji hata ukilikaza asubuhi na jioni.

Kwa gita kavu, lile lisilotumia umeme, kazi hiyo ya kwanza ni kubwa kwa sababu hakuna spika ya kusaidia. Wazee wetu kutoka Kongo wanamkumbuka Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili na gita kavu moja tu. Gita moja lililo sawa linaweza kubeba wimbo mzima.

Kwanza hakikisha tatizo ni sadoli

Usianze kukata mfupa kabla ya kukagua mambo haya manne.

1. *Daraja limeng'oka?* Chukua karatasi nyembamba ujaribu kuipitisha kati ya daraja na mbao ya tumbo, upande wa nyuma. Ikiingia, gundi imeachia. Legeza nyuzi leo hii na umpelekee fundi seremala aligundishe daraja kwanza. Sadoli mpya haitasaidia.

2. *Shingo imepinda?* Bonyeza uzi wa 6, ule mnene, kwenye fireti ya kwanza kwa mkono mmoja, na karibu na tumbo la gita kwa mkono mwingine. Tazama katikati ya shingo. Nafasi kati ya uzi na fireti iwe ndogo sana, kama unene wa karatasi chache. Ukiona nafasi kubwa, shingo imevutwa na nyuzi, na hilo ni tatizo jingine.

3. *Nyuzi ni za aina gani?* Gita lenye daraja la kufungia nyuzi kwa fundo, bila pini, ni la nyuzi za nailoni. Nyuzi zote sita za nailoni kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 40. Za chuma huvuta kilo 70 au zaidi. Ukifunga nyuzi za chuma kwenye gita la nailoni, daraja litang'oka au shingo itapinda, hata sadoli iwe nzuri namna gani.

4. *Kuna waya chini ya sadoli?* Magita yenye tundu la kuchomeka kebo huwa na ukanda mwembamba au waya chini ya sadoli. Ukiuona, usiuvute wala kuukata. Chini ya sadoli yako pawe tambarare kabisa, la sivyo nyuzi nyingine hazitasikika kwenye spika.

Vitu vya kuandaa

- Mfupa wa mguu wa ng'ombe mkubwa
- Msumeno wa kukatia chuma
- Tupa
- Msasa wa ngazi tatu au nne, kutoka mkali hadi laini (80, 120, 240 na 400)
- Kipande cha kioo au kigae kilicho tambarare
- Rula yenye milimita, penseli, na kipande cha boksi gumu
- Kitambaa cha kufunika pua na mdomo

Ikiwa huna msumeno na tupa, karakana ya seremala au ya fundi baiskeli huwa navyo. Omba kufanyia kazi hapo hapo. Jiliwa lao litakusaidia kushika mfupa, na vidole vyako vitakuwa salama.

Mfupa: wapi pa kuupata na jinsi ya kuuandaa

Nunua au omba mfupa kwenye bucha inayouza nyama iliyokaguliwa. Usiokote mfupa porini, na usitumie mfupa wa ng'ombe aliyekufa mwenyewe. Ugonjwa wa kimeta humpata mtu kutoka kwenye nyama, ngozi na mifupa ya mnyama aliyeugua, na vimelea vyake huweza kubaki hai kwa miaka mingi. Kuchemsha sufuria moja jikoni si kinga ya kutosha.

Omba mfupa wa paja au wa muundi. Sehemu unayoitaka ni ya katikati, ambako ukuta wa mfupa ni mnene na hauna matundu kama sifongo. Kisha:

1. Kwangua nyama yote na utoe uboho.
2. Chemsha kwa moto mdogo kwa muda wa saa moja, mwaga maji yenye mafuta, kwangua tena. Usichemshe siku nzima kama supu, kwa maana mfupa utakuwa unavunjika kama chaki.
3. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga kwa siku kadhaa, ukibadilisha maji kila siku, hadi mafuta yasionekane tena juu. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Inadhoofisha mfupa.
4. Kausha kivulini kwa wiki moja au mbili. Jua kali huupasua.

Nawa mikono kwa sabuni kila ukishika mfupa mbichi, na usitumie sufuria hiyo kupikia kabla ya kuiosha vizuri.

Ikiwa una haraka, kwa mfano kuna ibada Jumapili hii, chonga sadoli ya muda kwa mbao ngumu kama mvule. Hatua ni zile zile. Sauti itakuwa laini zaidi na nyuzi zitaila mbao taratibu, lakini ni bora mara nyingi kuliko msumari. Plastiki laini haifai, kwa sababu inameza sauti.

Hatua za kuchonga

*1. Toa nyuzi na pima mfereji.* Legeza nyuzi kidogo kidogo, zote kwa zamu, kisha zitoe. Ondoa uchafu na gundi ya zamani kwenye mfereji wa daraja. Pima urefu wake, upana wake na kina chake. Magita mengi yana mfereji wenye upana kati ya milimita 2.4 na 3.2. Andika vipimo vyako kwenye karatasi. Kama sadoli ya zamani ipo, hata kama imevunjika, itunze, kwa sababu itakuonyesha umbo.

*2. Kata ukanda wa mfupa.* Kata kufuata urefu wa mfupa, si kukatisha. Ukanda uwe mrefu kuliko mfereji kwa milimita chache, mnene kuliko mfereji kwa milimita moja, na kimo chake kiwe kikubwa kuliko unachodhani unahitaji. Ukipunguza mfupa huwezi kuurudisha. Funika pua na mdomo, lowesha mfupa kwa maji unapokata na unaposugua, na fanya kazi hiyo nje, mbali na watoto. Vumbi la mfupa linadhuru mapafu.

*3. Punguza unene.* Weka msasa mkali juu ya kioo, uso ukitazama juu. Sugua ukanda juu yake kwa kuusukuma sawasawa, bila kubonyeza upande mmoja kuliko mwingine. Geuza mara kwa mara. Kila baada ya dakika chache jaribu kuuingiza kwenye mfereji.

Unene ni sahihi pale ambapo mambo haya matatu yote ni kweli:
- Sadoli inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bila nyundo.
- Ukigeuza gita juu chini, sadoli haianguki.
- Ukiisukuma mbele na nyuma, haichezi.

Ikihitaji nyundo, ni nene mno na itapasua daraja. Ikicheza, nyuzi zitailaza mbele na mbao ya mbele ya mfereji itachanika. Ikifika hapo, anza upya kwa ukanda mwingine. Usijaze nafasi kwa gundi. Sadoli haigundishwi, ili iweze kutolewa siku nyingine.

*4. Kata urefu na mviringo wa ncha.* Ncha za mfereji mara nyingi ni za mviringo. Zungushia ncha za sadoli kwa tupa hadi zikae vizuri.

*5. Sawazisha chini.* Sehemu ya chini lazima iguse sakafu ya mfereji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ishike ikiwa imesimama wima juu ya msasa na uisugue taratibu. Kisha iweke juu ya kioo kitupu na utazame kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita chini yake, bado.

*6. Chora umbo la juu.* Kwa gita la nyuzi za nailoni, ubao wa vidole huwa tambarare, kwa hiyo juu ya sadoli pia huwa tambarare. Kwa gita la nyuzi za chuma, ubao una mgongo kidogo. Kata kipande cha boksi hadi kilingane na mgongo wa ubao karibu na tundu la gita, kisha kitumie kuchora mstari wa penseli kwenye sadoli. Upande wa uzi wa 6 uwe juu kidogo kuliko upande wa uzi wa 1.

*7. Zungushia ukingo.* Mahali nyuzi zinapopita pawe laini na pa mviringo, kama mgongo wa kijiko. Ukingo mkali hukata nyuzi. Kama nyuzi zako zilikuwa zinakatika darajani kila mara, pengine hii ndiyo sababu. Usichimbe mifereji ya nyuzi juu ya sadoli, kwa sababu haihitajiki.

Kupata kimo sahihi

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi, kwa sababu wanakisia. Kuna hesabu rahisi.

Ingiza sadoli ikiwa bado ndefu. Funga uzi wa 1 na uzi wa 6 peke yake na uzikaze hadi sauti yake ya kawaida. Sasa pima nafasi kati ya juu ya fireti ya 12 na chini ya uzi. Vipimo vinavyofaa kwa watu wengi ni hivi:

- Nyuzi za chuma: uzi wa 6 milimita 2.5, uzi wa 1 milimita 2
- Nyuzi za nailoni: uzi wa 6 milimita 4, uzi wa 1 milimita 3

Fireti ya 12 iko katikati ya safari ya uzi, kati ya kipande cha juu karibu na funguo na sadoli. Kwa hiyo ukipunguza sadoli kwa milimita 2, uzi utashuka milimita 1 tu hapo kwenye fireti ya 12. Kanuni ni hii: tafuta tofauti, kisha izidishe kwa 2.

Mfano: gita la nyuzi za chuma. Uzi wa 6 una milimita 4, unataka 2.5. Tofauti ni 1.5. Zidisha kwa 2, unapata 3. Upande wa uzi wa 6 unapaswa kupungua milimita 3. Uzi wa 1 una milimita 3, unataka 2. Tofauti ni 1, zidisha kwa 2. Upande wa uzi wa 1 unapaswa kupungua milimita 2.

Weka alama hizo kwa penseli. Lakini usisugue hadi kwenye alama mara ya kwanza. Punguza kama theluthi mbili, rudisha nyuzi, pima tena, kisha malizia. Ikiwa umbo la juu tayari ni zuri, ondoa mfupa upande wa chini na usawazishe kama ulivyofanya kwenye hatua ya 5.

Huna rula nzuri? Tumia zile kadi za plastiki ulizopewa ulipowasha laini ya simu, ambazo kipande kidogo cha laini hubanduliwa kutoka kwake. Kadi ya ukubwa wa kawaida ina unene wa karibu milimita 0.76. Kadi tatu zilizobanwa pamoja ni karibu milimita 2.3. Kwa nyuzi za chuma, kadi tatu zipite chini ya uzi wa 6 zikibakiza nafasi ndogo sana. Chini ya uzi wa 1, kadi mbili zipite kwa urahisi, lakini tatu ziguse uzi na kuuinua.

Ukimaliza, angalia pia kwamba angalau nusu ya sadoli imezama ndani ya mfereji. Ikiwa sehemu kubwa iko nje, itasukuma daraja kama mtu anayeng'oa msumari.

Funga nyuzi zote na usikilize

Funga nyuzi zote sita na uzikaze kidogo kidogo. Acha gita usiku mmoja, kisha likaze tena. Sasa piga kila uzi kwenye kila fireti, polepole.

*Uzi unakwaruza kwenye fireti nyingi?* Sadoli imekuwa fupi mno. Chonga kibanzi chembamba cha mbao ngumu, chenye upana na urefu wa mfereji mzima, ukiweke chini ya sadoli. Karatasi iliyokunjwa haifai. Dawa ya kudumu ni kuchonga nyingine.

*Uzi unakwaruza kwenye fireti moja tu?* Tatizo si sadoli. Fireti hiyo au ya jirani yake imeinuka au imelika.

*Gita linakubaliana ukipiga nyuzi wazi, lakini linapotea ukipanda juu shingoni?* Piga uzi wazi huku ukiugusa kidogo tu juu ya fireti ya 12, bila kuubonyeza. Utasikia sauti nyembamba kama kengele. Kisha ubonyeze hapo hapo na upige. Sauti hizo mbili zinapaswa kufanana. Ikiwa ile ya kubonyeza iko juu zaidi, sogeza ncha ya mgongo wa sadoli nyuma kidogo, kuelekea pini, kwa kusugua upande wa mbele wa ukingo wa juu. Ikiwa iko chini, fanya kinyume. Hii ndiyo sababu mfereji wa gita la nyuzi za chuma umelala kwa mshazari. Nyuzi nene zinahitaji safari ndefu kidogo kuliko nyembamba.

Kumbuka majira

Mbao hunywa unyevu. Wakati wa mvua tumbo la gita huvimba na nyuzi hupanda. Kiangazi cha Juni hadi Agosti hukausha mbao na nyuzi hushuka. Ukipunguza sadoli hadi mwisho wakati wa mvua, gita linaweza kuanza kukwaruza kiangazi kikifika. Bakiza nafasi kidogo. Na usiliache gita karibu na jiko, chini ya bati lenye joto kali, au juani.

Wakati wa kumtafuta fundi

Tafuta msaada ikiwa daraja limeng'oka au limepasuka, ikiwa mbao ya tumbo imevimba sana nyuma ya daraja, au ikiwa shingo imeachana na tumbo. Legeza nyuzi mara moja na usilipige gita hadi litengenezwe. Gundi ya haraka ya dukani isitumike kwenye daraja. Haidumu kwa mvuto wa nyuzi, na inafanya kazi ya fundi atakayefuata kuwa ngumu zaidi.

Usifanye peke yako

Mfupa mmoja wa paja unatoa sadoli nyingi kuliko utakazohitaji. Ukishauandaa, kaa na vijana wawili watatu wa kwaya, au na jirani mwenyeji aliye na gita lake, mchonge pamoja. Ukanda wa kwanza mara nyingi huharibika, na hilo ni la kawaida. Wa pili huwa bora.

Weka sadoli moja ya ziada, ambayo haijamalizwa kimo, ndani ya mfuko wa gita pamoja na nyuzi za akiba na karatasi yenye vipimo vya mfereji wako. Siku gita litakaposafiri tena na kile kipande kidogo kikaanguka njiani, itabidi kusugua tu kwa muda wa saa moja, na Jumapili kwaya itaimba na gita lake.